Uzazi Umehamia Zahanati, Daftari Limebaki Nyumbani
Uchambuzi wa kisa: takwimu za afya ya mama na mtoto mchanga katika wilaya sita za Lindi na Mtwara

Mwaka 2010 wanawake 824 wa vijiji vya kusini mwa Tanzania walifundishwa kazi ya kujitolea iliyoelezeka kwa maneno machache: kumtembelea mjamzito nyumbani kwake mara tatu kabla hajajifungua, na mara mbili zaidi katika siku za mwanzo za uhai wa mtoto. Walizungumza na mama na jamaa zake kuhusu maandalizi ya kujifungua, usafi, joto la mtoto na kunyonyesha mapema bila kumpa mtoto kitu kingine. Mradi uliowaandaa, uliojulikana kwa kifupisho cha INSIST, uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara kwa kushirikiana na London School of Hygiene & Tropical Medicine, na vijijini mkakati huu wa kutembelea kaya uliitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wilaya zilikuwa Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Tandahimba, Newala na Mtwara Vijijini, zenye jumla ya wakazi wapatao milioni 1.2. Kati ya kata zote 132, kata 65 zilichaguliwa kwa kura zipate wahudumu hao, na zilizobaki zikawa kata za ulinganisho. Waliobuni mkakati walitarajia vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28, vipungue kwa takribani asilimia 15.

Matokeo yalipotoka, vifo katika kata zenye wahudumu havikuwa vichache kuliko vya kata za ulinganisho. Uwiano wa uwezekano wa kifo kati ya makundi hayo mawili ulikuwa 1.1 (1 humaanisha hakuna tofauti), na mipaka yake ya uhakika, yaani eneo ambamo uwiano halisi unakadiriwa kuwamo, ilianzia 0.9 ikaishia 1.2, kwa hiyo hapakuwa na ushahidi kwamba kutembelewa kumeokoa maisha zaidi. Hata hivyo akina mama wa kata zilizotembelewa walinyonyesha mapema zaidi, walijifungulia zahanati au hospitali kwa wingi zaidi, na waliojifungulia nyumbani walihudumiwa kwa mikono safi zaidi. Tabia zilibadilika lakini vifo havikutofautiana. Mwenye kusimamia mradi wa afya ya jamii atajiuliza hapo kama kilichoshindwa ni kazi yenyewe, au ni vipimo, au kama vipimo vilielekezwa mahali ambapo tatizo halikuwapo tena. Kwa maoni yangu sababu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, ingawa mbili za kwanza nazo zina sehemu yake.

Matumaini ya awali yalikuwa na msingi. Majaribio ya Asia ya Kusini yalikuwa yameonyesha kwamba kumfuata mama na mtoto nyumbani kunaweza kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa; huko Sylhet, Bangladesh, punguzo lililochapishwa mwaka 2008 lilikuwa asilimia 34. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuzihimiza nchi zianzishe matembezi ya nyumbani kwa ajili ya mtoto mchanga. Kusini mwa Tanzania, mwaka 2007, ni asilimia 41 tu ya watoto waliokuwa wakizaliwa katika vituo vya afya. Katika hali hiyo, kupanga kazi na kuiwekea viashiria kwa kuitazama nyumba kuwa ndiyo chumba cha uzazi kulikuwa sahihi kabisa.

Daftari na dodoso

Mradi wowote wa wahudumu wa jamii huzalisha takwimu zake wenyewe. Mhudumu huandika jina la mjamzito, tarehe ya kila ziara na mambo yaliyozungumzwa. Mwisho wa mwezi hesabu hupelekwa zahanati, kisha wilayani, na hapo hugeuka safu ya tarakimu katika taarifa ya robo mwaka. Taarifa hizo ni za lazima, kwa sababu bila hizo msimamizi hawezi kujua ni kijiji gani mhudumu wake amehama au ameacha kazi, wala ni wapi vitendea kazi vimekwisha. Upungufu wake ni kwamba daftari humwona yule tu aliyefikiwa. Mwenye duka huwahesabu waliolipa. Waliopita barabarani bila kuingia hawamo katika hesabu zake, hata wawe wengi kiasi gani. Mhudumu akiandika ziara mia, tunajua ziara ni mia, lakini hatujui wajawazito wa eneo lake walikuwa mia na kumi au mia mbili na hamsini.

INSIST hawakutegemea daftari kujibu swali hilo. Mwaka 2013, kwa dodoso lililopelekwa katika kaya 185,000, ambalo kaya tisa katika kila kumi ziliitikia, wadadisi waliwauliza wanawake waliojifungua mtoto hai katika mwaka uliotangulia kama kuna mhudumu aliyewatembelea. Katika kata za mkakati wanawake hao walikuwa 7,823. Asilimia 59 walisema walipata angalau ziara moja wakati wa ujauzito, na asilimia 41 walisema walipata angalau moja baada ya kujifungua.

Takwimu hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingine zote za utekelezaji. Kwanza, maneno “angalau moja” yanaficha mengi, kwa kuwa mpango ulikuwa ziara tatu na mbili. Aliyepata ziara moja kati ya tano anahesabiwa kuwa amefikiwa. Pili, ukizigeuza asilimia kuwa watu, utaona kwamba wanawake wapatao 3,200 katika hao hawakuonwa hata mara moja wakiwa wajawazito, na wapatao 4,600 hawakuonwa baada ya kujifungua. Tatu, pengo lilikuwa kubwa zaidi pale hatari ilipokuwa kubwa zaidi, kwa kuwa siku ya kuzaliwa na siku chache zinazoifuata ndizo huchukua sehemu kubwa ya vifo vya watoto wachanga. Ziara ya mimba inaweza kusubiri hadi wiki ijayo, ilhali ya siku ya kwanza au ya tatu haisubiri. Na mhudumu wa kujitolea anayeishi kitongoji kingine hupata habari za kujifungua kwa kuchelewa, hasa mama akiwa ameenda kujifungulia mbali au amehamia kwa mama yake mzazi hadi arobaini ipite.

Taarifa ya robo mwaka isingeonyesha upungufu huo kwa sura hiyo. Ingesema ziara kadhaa elfu zimefanyika, na ingekuwa kweli.

Kwa nini kaya 185,000

Msomaji anaweza kuuliza kama ukubwa huo haukuwa wa kupindukia. Tufanye hesabu. Tukichukua vifo 30 katika kila vizazi hai 1,000, kundi la watoto 7,823 litakuwa na vifo vipatavyo 235 kwa mwaka. Punguzo la asilimia 15 lingekuwa vifo 35 pungufu. Tofauti ya vifo 35 katika kundi kama hilo inakaribia sana kiasi ambacho bahati peke yake inaweza kuleta. Ndiyo maana watafiti walikusanya vizazi vya miaka mitatu, kuanzia Julai 2010 hadi Juni 2013, wakapata vizazi hai 24,381 katika kata za mkakati na 23,307 katika kata za ulinganisho.

Sasa teremka hadi ngazi ya kata. Ukigawa vizazi vya mwaka mmoja vilivyohesabiwa katika dodoso kwa kata 132, kila kata inapata kama vizazi 117, na kwa kiwango hicho cha vifo inatazamiwa kuwa na vifo vitatu au vinne. Kata inaweza kupata kifo kimoja mwaka huu na saba mwaka ujao bila chochote kubadilika katika huduma. Bado tunaona mabango ukutani mwa ofisi za kata na vituo yakilinganisha vifo vya mwaka jana na vya mwaka huu, na mtendaji akipongezwa au akihojiwa kwa tofauti ya vifo viwili. Kila kifo kinapaswa kujadiliwa na sababu yake kutafutwa. Lakini kukitumia kama kipimo cha mwenendo wa kata moja ni kujidanganya.

Eneo hili lilikuwa na faida ambayo miradi mingi haina. Tayari mwaka 2004 ulikuwa umefanyika utafiti wa kaya zipatazo 21,600, wadadisi wakiingiza majibu moja kwa moja katika kompyuta ndogo za mkononi, wakati karatasi ilikuwa bado ndiyo kawaida. Mwaka 2007 ikafuata sensa ya kaya 225,000 katika wilaya tano kati ya hizo sita, iliyohesabu vizazi 22,243. Chombo cha mkononi kiliondoa hatua ya kunakili madodoso, na muhimu zaidi, kiliweza kukataa jibu lisilowezekana mdadisi akiwa bado amekaa na mhojiwa. Tarehe ya kifo iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa hurekebishwa pale pale, si baada ya miezi mitatu mjini ambako hakuna wa kuulizwa. Bila sensa ya 2007 tusingejua kwamba katika wilaya hizo tano vifo vilishuka kutoka 35.0 hadi 30.5 katika kila vizazi hai 1,000 kufikia 2013. Kushuka huko kulikuwapo. Kilichokosekana ni tofauti kati ya kata zilizotembelewa na zisizotembelewa, na mradi usiokuwa na kata za ulinganisho ungeweza kujipongeza kwa kushuka huko kwa nia njema kabisa.

Majibu ya mama

Vifo huhesabiwa kwa kumuuliza mama, na swali hilo ni zito. Mtoto aliyefariki dakika chache baada ya kuzaliwa anaweza kutajwa kuwa alizaliwa mfu, au asitajwe kabisa, ama kwa uchungu wa kukumbuka, ama kwa sababu hakuwahi kupewa jina. Dodoso zuri halitosheki na kuuliza kama mtoto alizaliwa hai. Linauliza kama alilia, alipumua au alijitikisa hata kidogo. Mdadisi aliyechoka, akiwa na kaya nyingi mbele yake, anaweza kuliruka swali hilo, na mtoto akahama kutoka safu moja kwenda nyingine. Kosa hilo likitokea sawasawa pande zote mbili za jaribio, ulinganisho hausumbuki sana, ila kiwango chenyewe cha vifo huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Tatizo la tabia ni la aina nyingine. Asilimia 42 ya akina mama wa kata za mkakati walisema walinyonyesha mara tu baada ya kujifungua, dhidi ya asilimia 35 za kata za ulinganisho. Waliompa mtoto maziwa ya mama pekee kwa siku tatu za kwanza walikuwa asilimia 90 dhidi ya 79. Hao wa kundi la kwanza ndio waliofundishwa kwamba jibu jema ni lipi. Mama aliyeambiwa mara tatu kwamba mtoto anyonye mapema, akiulizwa mwaka mmoja baadaye na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, ana sababu ya kukumbuka kwamba alifanya hivyo. Watafiti wenyewe waliitaja hatari hiyo waziwazi, pamoja na ile ya mafunzo kuvuja kutoka kata moja hadi jirani yake, jambo lisiloepukika pale ambapo ndugu wa kata mbili hukutana msibani na gulioni.

Ukubwa wa hatari hiyo ulipimwa baadaye, mahali pengine. Katika miaka ya 2017 na 2018, utafiti wa EN-BIRTH uliweka watazamaji katika vyumba vya kujifungulia vya hospitali tano za Bangladesh, Nepal na Tanzania, zikiwamo Muhimbili na Temeke, ili kulinganisha kilichoonekana kwa macho na kilichoandikwa kitabuni na kile alichosema mama alipokuwa akiruhusiwa kwenda nyumbani. Kuhusu kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza, watazamaji waliona asilimia 10.9. Akina mama walisema 53.2. Vitabu vya wodi vilionyesha 85.9. Hao walikuwa akina mama walioulizwa wakiwa bado hospitalini, si baada ya mwaka, na rejesta zilizokosea zaidi kuliko kumbukumbu ya mama zilijazwa na wahudumu wenye taaluma. Siwezi kuzichukua asilimia za Muhimbili na kuzibandika Nachingwea. Ila sioni tena jinsi mradi wa jamii unavyoweza kutumia unyonyeshaji wa saa ya kwanza, kwa maelezo ya mama peke yake, kuwa kiashiria kikuu cha mafanikio.

Uzazi ulipohama

Wakati mkakati ukitekelezwa, nchi haikusimama. Asilimia 41 ya mwaka 2007 ya waliozaliwa katika vituo ilikuwa, kufikia 2013, imepanda hadi 82 katika kata za mkakati na 75 katika kata za ulinganisho. Pointi saba za tofauti huenda ni matunda ya wahudumu, na si haba. Lakini mabadiliko makubwa yalizikumba kata zote, na maana yake kwa takwimu ni nzito: usafi wa mikono kwa anayejifungulia nyumbani, kiashiria kilichohusu zaidi ya nusu ya vizazi mwaka 2007, sasa kilihusu chini ya kimoja katika vitano kwenye kata za mkakati. Asilimia 92 dhidi ya 88 ni tofauti nzuri, lakini imepimwa kwa wanawake 1,351 tu upande mmoja na 1,799 upande wa pili.

Mtoto aliyekuwa akifariki nyumbani kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, sasa alizaliwa mbele ya muuguzi. Kuishi kwake kulitegemea kama muuguzi huyo yupo usiku, kama anajua kumsaidia mtoto asiyepumua, kama mfuko wa kusukumia hewa upo na haujapasuka, kama kuna maji na taa, na kama gari la wagonjwa lina mafuta ya kumfikisha mama hospitali ya wilaya. Hakuna ziara ya nyumbani inayorekebisha mambo hayo, na hakuna swali la ziara ya nyumbani linaloyaonyesha. Watafiti walihitimisha hivyo: vifo vilibaki juu ingawa tabia zimekuwa bora na kujifungulia kituoni kumekuwa jambo la kawaida, na nguvu ielekezwe kwenye ubora wa huduma ya uzazi vituoni. Si haki kusema hawakuliona kabla, maana ndani ya mradi huo huo palikuwa na kazi ya kuboresha huduma za vituo wilayani Ruangwa. Ila kipimo kikuu cha jaribio kilikuwa kimekwisha fungwa kwenye matembezi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokitaja kisa hiki kuwa ushahidi kwamba wahudumu wa jamii hawana faida. Walipewa kazi ya kumsogeza mama kwenye kituo na walichangia kumsogeza. Kilichokosekana ni mfumo wa takwimu unaomfuata mama kutoka mlango wa nyumba hadi kitanda cha kujifungulia, na kurudi. Daftari la mhudumu lilikuwa na ukurasa wa mimba na ukurasa wa mtoto, na kati yake palikuwa na saa ambazo ziliandikwa kwingine, katika kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi cha MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, bila jina la mtu yule yule kuunganishwa.

Tandahimba na Newala

Jirani na muda huo huo, kuanzia Novemba 2011 hadi Aprili 2014, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki mradi mwingine, EQUIP, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere, Karolinska Institutet na wenzao. Ulifanyika Tandahimba, Newala ikiwa wilaya ya ulinganisho, na vivyo hivyo Uganda, Mayuge ikilinganishwa na Namayingo. Badala ya dodoso moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni, hapa takwimu zilikusanywa mfululizo: kila mwezi katika kila wilaya walihojiwa watu wa makundi kumi ya kaya thelathini thelathini, na vituo vyote vya afya vilikaguliwa kila baada ya miezi minne. Matokeo yalifupishwa kuwa kadi za taarifa, zikarudishwa kwa timu za wilaya, za vituo na za vijiji ambazo zilikuwa zikijaribu mabadiliko madogo madogo na kuyapima.

Faida ya mpango huu ni kwamba pande mbili za safari ya mama zilionekana kwenye karatasi moja. Timu ya wilaya iliweza kuona kwamba akina mama wanafika kituoni, na papo hapo kuona kama dawa ya kuzuia damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua ipo na inatolewa. Mwishoni, ongezeko la Tandahimba likilinganishwa na Newala lilikuwa pointi 26 za asilimia kwa wanawake waliopata dawa hiyo ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na pointi 8 kwa maandalizi ya kujifungua. Tofauti ya pointi hizo mbili ina jambo la kusema: kiashiria kilichokuwa mikononi mwa kituo kilisogea mara tatu zaidi ya kile kilichokuwa mikononi mwa familia. Kipimo cha dawa ndani ya dakika moja nacho hupata udhaifu wa kumbukumbu ya mama, na sampuli ya kaya 300 kwa mwezi haimwambii mwenyekiti wa kijiji lolote kuhusu kijiji chake; ndiyo maana timu za vijiji zilihitaji hesabu zao ndogo za mkono kando ya kadi ya wilaya.

Halmashauri isiyokuwa na fedha za kuhoji kaya 185,000, wala 300 kila mwezi, bado inaweza kuchukua mambo mawili ya Lindi na Mtwara bila gharama kubwa. La kwanza ni kutenganisha, katika daftari la mhudumu wa afya ngazi ya jamii, idadi ya wajawazito walioandikishwa na idadi ya wajawazito wanaokadiriwa kuwapo kijijini kwa mujibu wa sensa, na kuiandika namba ya pili juu ya ukurasa kabla mwaka haujaanza ili pengo lionekane kila mwezi. La pili ni safu moja zaidi katika ukurasa wa mtoto: mahali alipozaliwa, na namba ya mama katika kitabu namba 12. Kwa safu hiyo muuguzi na mhudumu, wakikaa pamoja nusu saa kila mwisho wa mwezi, watawatambua akina mama waliotoka wodini na hawajaonwa nyumbani, na watoto walioandikwa nyumbani ambao wodi haina habari zao. Majina hayo yatakuwa machache kiasi cha kufuatwa kwa miguu wiki hiyo hiyo.